Sahani ya Mzee na Choo Chake: Barua ya Wazi kwa Wauguzi Wafawidhi

Kwa Wauguzi Wafawidhi wa hospitali za wilaya na mikoa, Tanzania Bara na Visiwani.

Ndugu zangu,

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika wodi za magonjwa ya ndani, na miaka ya mwisho nikawa nafundisha wanafunzi kando ya vitanda. Siku hizi naingia wodini kupitia geti la wageni, hotipoti mkononi, nikisubiri mlinzi aseme muda umefika. Kutoka upande huo wa geti nimeona mambo yaliyonifanya nishindwe kunyamaza. Wazee wetu wanalazwa kwa presha, kwa nimonia, kwa kuvunjika nyonga, na wakiwa humohumo wodini wanashikwa na njaa. Wala si njaa ya kukosa chakula. Chakula kimeletwa, kiko juu ya kabati la kitanda, kimefunikwa, na jioni kinamwagwa.

Ombi langu nalitanguliza, ili asiyepata nafasi ya kusoma barua yote awe amelipata. Anachokula mzee aliyelazwa, anachokunywa, na choo anachopata viwe kazi ya muuguzi, kwa maandishi, vikabidhiwe zamu kwa zamu kama tunavyokabidhiana dawa na dripu. Vitatu hivyo ni jambo moja. Mkishughulikia sahani mkaacha choo, sahani itarudi imejaa.

Naanza na choo kwa sababu ndicho kinachofichwa. Hivi karibuni nilishinda kando ya kitanda cha jirani yangu, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyelazwa kwa nimonia katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyekuwa akimuuguza ni mkwewe, mke wa mwanawe, binti mwenye adabu na moyo. Alimletea uji, akamnywesha vijiko viwili, mzee akasema, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akubariki." Samaki akamkataa, kikombe cha maji akakisogeza. Binti alipotoka kwenda kuosha vyombo nikamuuliza mzee kulikoni. Akanijibu: "Nikila nitataka kwenda haja. Choo kiko kule mwisho, sifiki peke yangu. Anipeleke nani? Huyu mke wa mwanangu?" Ndani ya faili lake pameandikwa kwamba hana hamu ya kula, na ameandikiwa vidonge vya vitamini.

Hamu alikuwa nayo. Alikuwa amepiga hesabu zake. Kitanda ni kirefu kwenda juu, sakafu ya chooni ina maji, choo chenyewe ni cha kuchuchumaa na magoti hayakunji, manesi ni wachache na wana haraka, na aliyebaki ni mtu ambaye heshima haimruhusu kumwona baba mkwe alivyo. Mzee akapiga hesabu hiyo akaamua kufunga mdomo. Nimewaona kina mama nao wakifanya vivyo hivyo wanapouguzwa na mtoto wa kiume. Hakuna kidonge cha kuondoa aibu. Dawa yake ni muuguzi kuzungusha skrini, kuinama na kuuliza, "Baba, ungependa nani akusaidie ukitaka kwenda haja?" na kisha kuleta chombo au kiti cha choo kabla mzee hajaomba, maana wengi wao hawaombi.

Saa ya kumuuliza pia inajulikana. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma. Asubuhi baada ya kifungua kinywa ndipo unaposukuma kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo nusu saa baada ya chai ndio wakati wa kumkalisha mzee, miguu ikiwa imekanyaga chini au kwenye kibao, mgongo umeinama mbele kidogo, aachwe atulie bila kugongewa mlango. Katika wodi nyingi nilizozijua, saa hiyohiyo ndipo raundi ya madaktari inapoanza na wagonjwa wote wanaambiwa warudi vitandani. Mzee anabana. Akibana leo na kesho, choo kinakauka, na baada ya hapo hata akipelekwa hakitoki.

Dawa tunazompa kwa mikono yetu zinaongeza tatizo. Vidonge vya madini ya chuma hufunga choo. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hufunga choo sana, na anayezianza anapaswa kuanzishiwa na dawa ya kulainisha choo siku ileile. Amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya neva hukausha mate na kupunguza mwendo wa utumbo. Dawa za kukojoza zinamtoa maji mzee ambaye kiu yake imekwisha kufifia, kwa sababu kadiri umri unavyosogea mwili huacha kupiga kengele ya kiu mapema. Mzee wa Tanga au Dar es Salaam anaweza kushinda kwenye joto la Februari na vikombe viwili vya chai tu na asione kiu. Miongozo ya wataalamu wa lishe wa Ulaya inataka mwanamke mzee apate walau lita 1.6 za vinywaji kwa siku na mwanamume lita 2, isipokuwa wale wenye moyo au figo zilizoshindwa, ambao daktari amewawekea kipimo chao. Waulizeni wauguzi wenu leo mzee wa kitanda fulani amekunywa kiasi gani tangu asubuhi. Kama hana dripu wala mpira wa mkojo, hakuna atakayejua.

Hapa pana mtego ambao kila mwanafunzi wangu nilimfundisha, na bado nakuta watu wanaanguka humo. Mzee hajapata choo siku nyingi. Siku moja anaanza kuchafua shuka kwa choo cha majimaji. Nesi anaandika "anaharisha" na mzee anapewa dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe choo kikavu kimejaa kwenye njia, kimekuwa kigumu kama udongo wa kufinyangia ulioachwa juani, na yale maji yanapenya pembeni yake. Ile dawa ya kuzuia inakamilisha kufunga. Tumbo linavimba, mkojo unazuiwa, mzee anaanza kuweweseka usiku na kuwaita watu waliokufa, na ndugu wanasema kuna mkono wa mtu. Ufumbuzi ungekuwa kumuuliza ni lini mara ya mwisho alipata choo kizuri, kumshika tumbo, na kumpima njia ya haja kubwa kwa kidole kilichovaa glavu. Dakika tano. Kwa mzee anayechanganyikiwa ghafla wodini, choo, mkojo na maji ni vitu vya kutazamwa mwanzo kabisa, kabla ya kumfunga mikono kitandani au kumdunga sindano ya usingizi.

Kukitazama choo kwa macho ni sehemu ya kazi pia, na naona inaachwa. Wazee wengi wana magoti na migongo inayouma, wanajinunulia diklofenaki kwenye duka la dawa na kuitumia miezi. Kwa mzee, kidonda cha tumbo kutokana na dawa hizo kinaweza kukaa kimya bila maumivu mpaka kianze kuvuja damu, na taarifa ya kwanza ni choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu isiyosahaulika. Choo cheusi cha vidonge vya chuma hakina harufu ile. Muuguzi anayemwaga chombo bila kutazama, au anayemwachia ndugu akamwage, amemwaga na taarifa.

Sasa nije kwenye kinywa. Nawaombeni mpite wodini saa ya chakula mkaangalie mambo madogo. Meno ya bandia yako wapi? Mara nyingi yalivuliwa siku ya kulazwa, yakafungwa kwenye kitambaa, yakarudishwa nyumbani "yasipotee", na mzee analetewa nyama. Ulimi ukoje? Ukiwa na utando mweupe unaochubuka, huyo ana fangasi, kila tonge linamchoma, na dawa yake iko kwenye stoo yenu. Miwani iko wapi? Hotipoti imefungwa kwa nguvu; mkono wenye baridi yabisi hauwezi kuifungua. Kabati liko upande wa mkono uliopooza. Mzee amelala chali na anategemewa ale hivyo hivyo. Kila kimoja kati ya hivi nimekiona, na hakuna kinachohitaji kibali cha wizara kukirekebisha.

Kwa mgonjwa wa kiharusi suala si kula tu, ni uhai. Wengi wao siku za mwanzo koo halifanyi kazi sawasawa. Chakula na maji huteleza kuelekea mapafuni. Tumezoea kumwona anayepaliwa akikohoa, lakini wapo wanaopaliwa kimyakimya, hawakohoi, wanabaki na sauti yenye majimaji na siku chache baadaye wana homa na nimonia. Kabla ya tone la kwanza, muuguzi aliyefundishwa amkalishe wima, ahakikishe yuko macho, ampe kijiko cha maji, aweke vidole kooni kuona kama kongomeo linapanda na kushuka, kisha amsikilize akisema jina lake. Akikohoa, sauti ikilowa, au pumzi ikibadilika, asimamishe na amwite daktari. Anayeruhusiwa kula apewe kitu kizito kidogo, kijiko kidogo, upande wa shavu lenye nguvu, na tonge la pili lisiingie kabla la kwanza halijamezwa. Abaki amekaa walau nusu saa baada ya kula. Maji matupu, ambayo ndugu huyaona ndiyo salama kuliko vyote, kwa mgonjwa huyu ndiyo hatari zaidi.

Na kuna jambo katika kiharusi ambalo sijawahi kuliona kwenye kitabu chochote cha uuguzi. Mzee aliyepooza mkono wa kulia amebaki na wa kushoto. Katika watu wetu wa pwani, na si wa pwani tu, mkono wa kushoto una kazi yake na kula si kazi yake. Nimemwona mzee mmoja, mtu wa msikitini, akiitazama sahani ya wali muda mrefu mbele ya wageni wa vitanda vyote vya jirani, asiiguse. Muuguzi mwanafunzi akavuta skrini, akaketi, akamwambia, "Babu, leo mkono wako wa kulia ni mimi." Akala karibu sahani yote. Binti yule hakufundishwa hivyo na mtu. Natamani wafundishwe wote.

Kuketi wakati wa kulisha nako nakutaka kwa dhati. Anayelisha amesimama anaharakisha, hata bila kukusudia, na mzee anainua shingo kumtazama, hali inayofungua njia ya hewa na kumweka katika hatari ya kupaliwa. Anayeketi macho yake yako sawa na ya mgonjwa na anaona kila tonge linavyokwenda.

Nazungumzia uji sasa, maana uji ndio chakula cha hospitali zetu. Wale wataalamu wa lishe wa Ulaya niliowataja wanasema mzee anahitaji walau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na akiwa mgonjwa au na vidonda anahitaji zaidi. Mzee wa kilo 50, basi, anahitaji gramu 50 na kuendelea. Kikombe cha uji mweupe wa sembe na sukari kina gramu 2 au 3. Mpe vitatu kwa siku, hajafika hata 10. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyoiva vizuri kama gramu 15. Dagaa waliokaushwa, wakisagwa unga laini na kuchanganywa kwenye mchuzi au ndizi za kuponda, wanatoa protini nyingi kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Maziwa ya mgando hayahitaji meno na tumbo la wazee wengi huyapokea kuliko maziwa mabichi. Parachichi linabeba mafuta yanayompa nguvu mtu anayekula matonge machache. Karanga zilizosagwa zikiingia kwenye uji, uji umekuwa chakula. Haya ndugu hawaambiwi. Wanaambiwa "mleteeni chakula laini", wanakwenda kukoroga uji mwepesi, wanauleta kwa upendo mara tatu kwa siku, na kidonda cha kulalia kilichokuwa na ukubwa wa sarafu kinazidi kuchimbika. Kidonda hakijengeki kwa sembe.

Naweka tahadhari mbili hapa. Mwenye figo zilizochoka au kisukari asipangiwe kwa mazoea; hospitali za wilaya zina maafisa lishe katika halmashauri zao, waitwe. Na mzee aliyekaa siku nyingi bila kula asijazwe kwa pupa. Chumvi za mwili kama fosfeti na potasiamu huweza kushuka ghafla katika siku za mwanzo za kulishwa na moyo ukayumba. Aanze kidogokidogo huku akipimwa.

Vilevile mhimizaji wa nyuzinyuzi awe mwangalifu. Dona, mbaazi, mlenda na papai ni vizuri kwa mzee anayetembea na kunywa. Kwa aliyelala na kunywa vikombe viwili, mzigo wa makapi bila maji unaweza kumziba. Maji kwanza, mwendo kidogo, ndipo makapi.

Kuhusu mwendo nina ushahidi mmoja ninaoutaja kila mahali. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliojitolea kulala kitandani siku 10 tu. Walikuwa wanalishwa na hawakuwa wagonjwa. Wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Mzee wetu ana homa, hali, na anakaa hapo wiki mbili. Akiruhusiwa, ndugu wanashangaa kwamba aliingia kwa miguu na anatoka kwa kubebwa.

Wodi ya upasuaji siwezi kuipita. Mama mzee aliyevunjika nyonga anaambiwa asile tangu usiku. Asubuhi orodha ya chumba cha upasuaji ni ndefu. Saa nane mchana inajulikana hafanyiwi leo. Hakuna anayerudi kumwambia ale. Jioni anapata chai, usiku anafungishwa tena. Nimekuta mgonjwa akizungushwa hivyo siku kadhaa, ndugu wakiogopa kumpa hata maji wasije wakaharibu upasuaji. Miongozo ya wataalamu wa usingizi inayotumika duniani inaruhusu maji matupu hadi saa 2 kabla ya dawa ya usingizi na chakula chepesi hadi saa 6 kabla, kwa mgonjwa asiye na tatizo la tumbo kuchelewa kutoa chakula. Kufunga tangu saa nne usiku kwa upasuaji ambao haujulikani ni saa ngapi ni mazoea tu. Mfawidhi anaweza kuagiza hivi: kila siku saa sita mchana muuguzi wa wodi apige simu chumba cha upasuaji, aliyeahirishwa alishwe hapohapo na iandikwe.

Najua jibu mnalonielekezea. Wauguzi hawatoshi. Ni kweli, nimefanya zamu za usiku nikiwa na msaidizi mmoja na wodi imejaa hadi sakafuni, na sitamruhusu mtu yeyote kuwaita wauguzi wetu wavivu. Ila tazameni tunavyozitumia saa zenyewe. Dawa za mchana zinagawiwa wakati uleule chakula kinapoingia. Wanafunzi wa uuguzi, ambao katika hospitali nyingi wapo kwa makundi, saa ya chakula wametoka kwenda kula. Ndugu ambaye angelisha anaruhusiwa kuingia kwa muda mfupi, anamkuta mzee amelala, anaacha hotipoti na kusukumwa nje kengele ikilia. Kusogeza dawa kwa nusu saa, kuwapangia wanafunzi zamu mbili za mapumziko, kumpa ndugu mmoja wa mzee kadi ya kuingia saa za mlo: haya yote yako chini ya saini ya mfawidhi.

Wenzetu wa Uingereza walilikabili tatizo hilihili katika hospitali zenye pesa nyingi. Wakaweka utaratibu wa kulinda saa ya mlo ili raundi na vipimo visivyo vya haraka visimame, na mgonjwa anayehitaji msaada akawa analetewa chakula kwenye sinia nyekundu, kila anayepita aelewe bila kuuliza. Sisi hatuna masinia. Tuna vitambaa. Kitambaa chekundu kikifungwa kwenye chuma cha kitanda kitasema hivyohivyo, hata kwa mhudumu wa usafi, naye aje kumwambia nesi kwamba sahani ya kitanda kile haijaguswa. Wala jambo hili si geni katika taaluma yetu. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu uuguzi, alitenga sura mbili nzima kwa chakula cha mgonjwa, na alilalamikia wagonjwa wanaodhoofika kwa njaa ilhali chakula kipo, kwa kukosa mtu wa kuangalia ni saa gani na kwa namna gani wanaweza kula. Tunaapa tukishika taa kwa ajili yake. Tusome na zile sura.

Kuhusu kupima. Mtoto wa chini ya miaka mitano akifika kliniki anapimwa mkono kwa tepu yenye rangi, na nchi nzima inajua maana ya nyekundu. Hilo ni tunda la kazi kubwa ya miongo mingi, ikiwemo ya Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa 1973. Bibi yake mtoto huyo akilazwa hakuna anayempima. Uzito tunaupata kwa kubahatisha kwa sababu hawezi kusimama, na urefu wake umepungua kwa kupinda mgongo. Ila shavu la mguu, pale penye nyama nyingi, linapimika kitandani kwa tepu ya fundi cherehani. Kipimo cha lishe ya wazee kinachotumika nchi nyingi, Mini Nutritional Assessment, kinakubali mzunguko wa shavu la mguu pale uzito na urefu visipopatikana, na chini ya sentimita 31 ni dalili ya hatari, mradi miguu haijavimba. Maswali yake mengine ni mafupi: amepunguza kula katika miezi 3 iliyopita, amekonda, anatoka kitandani, amepata ugonjwa mkali au mshtuko, ana sonona au usahaulifu. Muuguzi anayempokea mzee anaweza kuyauliza wakati akimfunga kifaa cha presha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3 wa umri huo. Hospitali zetu zimeweka dirisha la wazee na mabango ya kuwapisha. Zanzibar tangu 2016 inampa pensheni kila mwenye miaka 70 na kuendelea. Nayapongeza haya bila kusita. Lakini heshima ya dirishani inaishia dirishani. Mzee akishapita hapo akapandishwa kitandani anakuwa mgonjwa kama wengine, hata pale ambapo hawezi kufungua kifuniko cha chakula chake.

Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalosimamia taaluma hii chini ya Sheria ya mwaka 2010, nalo naliomba kitu kimoja kupitia kwenu: katika mitihani ya vitendo ya vyuo, mwanafunzi apewe mzee halisi wa kulisha, kuanzia kusafisha kinywa hadi kumkalisha chooni, na apewe alama kwa hilo kama anavyopewa kwa kuchoma sindano. Kisichotahiniwa wanafunzi hawakitilii maanani, nimefundisha, nawajua.

Na kwenye daftari la kukabidhiana zamu ongezeni mistari mitatu kwa kila mgonjwa wa miaka 60 na zaidi. Amekula kiasi gani: yote, nusu, robo, hakuna, na aliyeandika awe ameiona sahani mwenyewe, kwa sababu mzee aliyelelewa vizuri atasema ameshiba ili asisumbue mtu. Amekunywa vikombe vingapi. Choo cha mwisho lini, na kilikuwaje. Siku tatu bila choo, au siku mbili za robo sahani, daktari aambiwe kwenye raundi kwa sauti, kabla ya kuzungumzia dawa nyingine yoyote.

Anzeni na wodi moja, ya wanawake au ya wanaume, kwa mwezi mmoja, kisha mlinganishe vidonda vya kulalia na nimonia za mwezi huo na za mwezi uliotangulia. Itakayokubali, niko tayari kuja kwa nauli yangu nikae na wauguzi wa zamu ya asubuhi na wanafunzi wao, tulishe pamoja na kuandika pamoja.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu,
Tanga